Kwa nini walengaji wazoefu hupenda bastola ndogo isiyo na kishindo?

MlengaPolepole

Wakuu, nawasalimu nyote. Huu ni mwaka wangu wa nne wa kulenga shabaha kwa bastola ya 9mm, na kuna jambo nimeliona mara nyingi mno hata siwezi tena kudhani ni sadfa. Wageni wa mchezo huu hukimbilia bastola kubwa zenye mngurumo, ilhali wale waliokomaa, ambao ningetarajia wawe wameshaachana na vifaa vya wanafunzi, ndio wanaofungua mikoba yao wakatoa bastola ya .22 (upana wa risasi yake kwa inchi, yaani milimita 5.6 hivi) na kushinda nayo asubuhi nzima. Nilipomuuliza mmoja wao, alinijibu kwamba risasi zake ni nafuu. Sikatai, lakini mtu hawezi kuwa na furaha ile kwa saa tatu kwa sababu ya unafuu peke yake.

Juzi aliniazima ya kwake nikapiga risasi kumi kutoka mita 25. Matundu manane yalikusanyika vizuri kuliko nilivyozoea, na mawili yakashuka chini kushoto. Tangu siku hiyo nimeyawaza hayo mawili kuliko yale manane. Naomba mnieleze: mvuto wa bastola hizi ni upi hasa, na je, kuna la kujifunza humo ambalo 9mm haiwezi kunifundisha?

FundiShabaha

Ndugu, jibu la swali lako limo katika hayo matundu mawili. Nakisia kwamba unatumia mkono wa kulia, maana kwa mtu wa mkono wa kulia tundu la chini kushoto mara nyingi hutokana na kiganja kilichokaza na kifundo kilichoinama kabla risasi haijatoka, kwa kuwa mwili umejiandaa kupokea pigo. Bastola uliyoazimwa haina pigo la kuogopwa. Mwili wako ulikuwa unaikumbuka 9mm.

Tazama hesabu yake. Kichwa cha risasi ya kawaida ya .22 Long Rifle kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na kikitoka katika kasiba (mtutu) fupi ya bastola hukimbia takriban mita 300 kwa sekunde. Kichwa cha 9mm hufika gramu 8 nacho hukimbia mita 350 hivi kwa sekunde. Ukizidisha uzito kwa kasi utaona kwamba 9mm inausukuma mkono zaidi ya mara tatu, na tofauti huongezeka pale bastola ya .22 ya mashindano, ambayo aghalabu ni nzito, inapolinganishwa na bastola nyepesi ya 9mm. Katika 9mm, kosa la mlengaji na ruko la bastola hutokea kwa pamoja, likafunikwa moja na jingine, na mlengaji akatoka na dhana kwamba silaha ndiyo iliyoyumba. Kwenye .22 huna wa kumsingizia.

Fanya jaribio hili kwa bastola yako mwenyewe. Mwombe mwenzako akujazie magazini bila wewe kuona, achanganye risasi halisi na zile za bandia zisizo na baruti wala fataki (kiwashio cha baruti). Lenga kama kawaida na usiondoe jicho kwenye kilengeo cha mbele. Nyundo itakapogonga risasi ya bandia, utakiona kile kilengeo kikiinama kama mtu anayeamkia wakubwa. Mara ya kwanza niliona aibu hata nikatazama pembeni kuona kama kuna aliyenishuhudia. Dawa yake ni kurudi kwenye .22 kwa risasi mia kadhaa, kisha kupiga chache za 9mm, kisha kurudi tena, mpaka mkono usahau kuogopa.

KasibaFupi

Maelezo ya mwenzangu ni sahihi, ila ningependa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyafunga pamoja, yaani udogo wa risasi na upole wa bastola. Bastola ya mfukoni ya .380 inayofanya kazi bila kufunga kasiba, kama vile Walther PPK, huweza kuuchoma mkono kuliko bastola ya 9mm yenye umbo kamili, ingawa risasi yake ni dhaifu. Sababu imo katika mtambo. Katika bastola ya aina hiyo, kinacholizuia ganda lisitoke mapema ni uzito wa slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila risasi inapotoka) na ugumu wa springi tu, kwa hiyo slaidi huanza kurudi papo hapo na kumfikia mlengaji kwa pigo kali la ghafla. Katika 9mm nyingi za kisasa, kasiba na slaidi hurudi pamoja milimita chache kabla ya kuachana, na nguvu ile ile inagawanywa katika muda mrefu kidogo. Mkono huhisi msukumo badala ya kofi.

John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, alilijua vizuri suala la ukubwa. Risasi yake ya .32, yaani 7.65mm, ilitoka mwaka 1899, na ile ya .25, yaani 6.35mm, ikafuata mwaka 1905 pamoja na bastola ndogo ya FN, kiwanda cha Ubelgiji, iliyokuwa na uzito chini ya gramu 400. Mtu anaweza kushangaa kwa nini alijisumbua kubuni .25 wakati .22 Long Rifle ilikuwepo tangu 1887 nayo haikuwa dhaifu kuliko hiyo. Ni kwa sababu .22 huwekewa kemikali ya kuwashia ndani ya ukingo wa ganda, na kemikali hiyo isipoenea sawasawa pande zote, nyundo ikagonga sehemu yenye upungufu, risasi haiwaki. Risasi ya .25 ina fataki katikati ya kitako, na ganda lake huteleza vizuri zaidi ndani ya magazini. Kwa hiyo, anayesifu .22 akumbuke pia kwamba haina uhakika kama wenzake. Kwenye shabaha hilo ni kero ndogo tu.

BibiMlengaji

Mwanangu, mimi nina viungo vinavyouma, na bila bastola hizi ningeacha mchezo huu zamani. Watu hudhani kinachotushinda sisi wazee ni pigo la bastola, kumbe mara nyingi kinachotushinda ni kuivuta slaidi. Springi ngumu ndiyo adui. Ruger ya .22 yenye kasiba ya mviringo, ambayo asili yake ni mwaka 1949, huivuti slaidi nzima bali kipande kidogo cha nyuma, nacho hakinipingi. (Zile za zamani zilikuwa adhabu kuzifungua na kuziunganisha tena, walipotoa toleo la Mark IV mwaka 2016, inayofunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja, nilishukuru kwa sauti.) Beretta nao wana bastola ndogo ambayo kasiba yake huinuka mbele, ukatia risasi ya kwanza moja kwa moja bila kuvuta chochote.

Na asikwambie mtu kwamba huu ni mchezo wa wanyonge. Katika Olimpiki, wanaume wa bastola ya kasi hutumia risasi ya milimita 5.6. Mlengaji husimama na mkono mmoja ukiwa umeshushwa, kisha huinua na kupiga shabaha tano zilizo mita 25, risasi moja kila shabaha, kwanza katika sekunde 8, halafu 6, halafu 4. Karoly Takács wa Hungaria aliharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938, akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, akashinda mchezo huo London mwaka 1948, na akarudia Helsinki mwaka 1952. Mimi kila vidole vinapouma humkumbuka.

Mstari25

Niongeze neno moja tu kwa sababu linaniudhi. Upole wa .22 huwafanya watu waishike kama kijiti, nami nimemwona mtu akigeuka na bastola mkononi kuzungumza na rafiki yake, jambo ambalo asingethubutu kulifanya akiwa na bastola kubwa. Risasi ile ndogo huua, na huweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Aidha, isipowaka, usiharakishe kuitoa: bakiza kasiba imeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Huwaka kwa kuchelewa mara chache sana, lakini hiyo mara moja inatosha. Na ukimaliza nawa mikono, kwani vichwa vingi vya .22 ni madini matupu ya risasi (lead), ambayo ni sumu, bila kufunikwa kwa shaba.

MlengaPolepole

Nawashukuru wote, na wewe Bibi shikamoo. Nimefanya lile jaribio la FundiShabaha leo asubuhi. Mwenzangu alinichanganyia risasi tatu za bandia katika magazini ya kumi. Kwenye ya kwanza kilengeo kiliinama, tena kushoto, kama alivyokisia. Ya pili ikawa hivyo hivyo. Kwenye ya tatu kiliinama kwa kiasi kidogo kuliko mara zote, labda kwa kuwa nilikuwa nimeanza kucheka. KasibaFupi, nimeisoma hoja yako ya springi mara mbili, maana nilikuwa karibu kujinunulia .380 ya mfukoni nikidhani ndiyo njia ya upole. Nimeahirisha. Nimemwomba yule mzee aniachie ile .22 yake kwa risasi mia mbili zijazo, naye amekubali kwa sharti kwamba nitaisafisha mwenyewe.