Mwenzetu kaumwa miezi mitatu na kikundi hatuna habari, tumekosea wapi?

Katibu_Mpya aliandika:

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naomba ushauri, na msinichape sana maana kosa na mimi ninalo. Ni katibu wa kikundi cha wanawake parokiani kwetu, nina miezi minne tu kwenye hicho cheo. Jumapili iliyopita baada ya Misa kuna mtoto kanifuata pale mlangoni kaniuliza, mama nyie ndo wa kile kikundi cha akina mama? Nikamwambia ndio. Akasema mama anawasalimia. Kunitajia jina la mama yake nikabaki mdomo wazi, maana huyo mama nilishamhamishia kwenye orodha ya "waliojitoa" kwa mkono wangu mwenyewe.

Kumbe hajajitoa kokote, kafanyiwa upasuaji wa mgongo yuko kitandani huu mwezi wa tatu. Nikaenda jioni ile ile. Hakunilaumu hata kidogo na hiyo ndo imeniumiza zaidi, aliniuliza tu kama kwaya washapata mtu wa sauti ya pili.

Kurudi nyumbani nikafungua meseji za grupu nione tuliwasiliana naye lini. Jamani. Miezi mitatu yote tumemtafuta mara mbili tu, na zote mbili ni deni la mchango. Ya pili hata hatukumtumia yeye, tulibandika orodha ya wadaiwa kwenye grupu zima na jina lake likiwa la kwanza. Siku hiyo hiyo akatoka kwenye grupu, sisi tukasema kasusa.

Sasa kwenye kikao ugomvi umezuka. Katiba yetu inasema mwanachama asiyelipa miezi mitatu si mwanachama hai na hastahili msaada wa kikundi. Nusu wanasema katiba ni katiba, nusu wanasema hii ni aibu. Paroko tumemfuata kasema nendeni kwanza mkamwone halafu ndo mje mbishane.

Naulizeni mambo mawili: michango na msaada vinatakiwa viende pamoja au vitenganishwe? Na kwenu huko mnafanyaje mpaka kumtembelea mtu iwe kazi kweli, sio mpaka habari zitufikie kwa mtoto mlangoni?

---

Mweka_Hazina_Mstaafu:

Milele amina. Dada nitasema jambo ambalo halitapendwa hapa. Nimeshika hela za kikundi miaka sita, na hiyo kanuni ya miezi mitatu mimi ni mmoja wa walioipigania. Mnajua ilikotokea? Kuna watu walikuwa wanaonekana wakifiwa tu. Mwaka mzima hayupo, hachangii, hafanyi usafi kanisani, siku ana shida anakuja na kikundi kinatoa kila kitu, na yule mama mnyonge anayelipa kidogo kidogo kila mwezi bila kukosa anaangalia tu. Na yeye roho inamuuma, si mtu?

Kwa hiyo msiwaone waliosema katiba ni katiba kama wana roho mbaya, wengi wao ndo waliobeba hicho kikundi mgongoni.

Ila kubandika majina ya wadaiwa kwenye grupu hapana. Deni ni la mtu na mweka hazina, basi. Mimi nilikuwa napiga simu, na nilijifunza kuanza na "u mzima wewe?" kabla ya kutaja hela, na amini usiamini mara nyingi jibu la hilo swali ndo lilikuwa sababu ya deni.

---

BibiRozari:

Wanangu mimi nawajibu kwa stori, mnivumilie maandishi ninaandika kwa kidole kimoja.

Mwaka 1617 huko Ufaransa kwenye mji mdogo unaitwa Châtillon paroko alikuwa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, wakati huo ni padre tu hajawa mtakatifu wa mtu. Jumapili anavaa mavazi ya Misa akaambiwa kuna familia nje ya mji wote wanaumwa, hakuna hata mmoja wa kumhudumia mwenzake. Akalisema kwenye mahubiri. Mchana na yeye akashika njia kwenda kuwaona, njiani anapishana na wanawake wengi wanakwenda na wengine wanarudi, kila mtu kapeleka chakula. Mngekuwa nyie mngepiga picha mkabandika kwenye grupu mkasema parokia yetu ina upendo. Yeye akaona kasoro. Akasema hawa wagonjwa leo wamepata vingi mno vitaharibika, kesho kutwa watarudi kwenye njaa ile ile. Upendo upo mwingi, mpangilio hakuna.

Siku chache baadaye akawakusanya wale wanawake wapeane zamu, leo fulani kesho fulani. Na kwenye kanuni alizowaandikia kuna kitu kimoja nakipenda mpaka leo: mwenye zamu aanze na wagonjwa walio na mtu wa kukaa nao, walio peke yao awaache wa mwisho, ili kwa hao akae muda mrefu bila kukimbilia kwingine. Hebu fikiria mtu ameandika sheria kwa ajili ya kukaa tu!

Kile chama hakijafa, wanawake wake bado wapo nchi nyingi. Katibu, soma hiyo kwenye kikao kabla hamjafungua katiba yenu.

---

MamaWawili:

Bibi hapo kwenye picha umenigusa 😅. Naomba niseme kama mtu aliyetembelewa. Nilivyojifungua wa pili walikuja wanawake kumi na tano kwa mpigo, wakaimba, wakasali, wakapiga picha mimi nikiwa na nguo ya kulalia, wakaondoka baada ya dakika ishirini na hakuna aliyerudi. Sikatai nilifurahi. Lakini siku niliyolia ni wiki ya tatu, mtoto halali, mkubwa ana homa, na siku hiyo ningepata mtu mmoja tu wa kunishikia mtoto nikaoge ningemwona malaika.

Gawanyeni watu. Wawili leo, wawili wiki ijayo. Na picha ya mgonjwa isipigwe kabisa, hata akikubali, maana mbele ya watu kumi na tano nani atakataa.

---

LejioDamu:

Swali la pili nalijibu mimi maana Lejio ya Maria tumelala nalo na kuamka nalo tangu 1921. Kwetu kutembelea sio hisani ya mwenye nafasi, ni kazi unapangiwa kwenye mkutano wa wiki, mnakwenda wawili wawili, na mkutano unaofuata mnatoa ripoti. Usipokwenda unasema sikwenda. Hiyo tu ya kusema "sikwenda" mbele ya wenzako ukiwa umekaa mezani na sanamu ya Bikira Maria inakuangalia inatosha kukusimamisha wiki ijayo 😂

Na sisi haturuhusiwi kupeleka msaada wa hela wala vitu. Watu wanashangaa, wanasema sasa mnakwenda kufanya nini mikono mitupu. Ila ukienda mikono mitupu unalazimika kumsikiliza mtu, huna cha kukabidhi ukaaga. Sisemi na nyie msipeleke kitu, chama chenu sio Lejio. Nasema angalieni bahasha isije ikawa ndo njia ya kuondoka mapema.

Ripoti yetu lakini haisemi siri za nyumba za watu. Tulimtembelea mgonjwa mmoja, tulisali naye, anaomba padre. Basi. Habari za mume wake na jirani zake zinabaki kule kule.

---

Muuguzi_ZamuYaUsiku:

Hapo pa "anaomba padre" nakaza. Wanawake wa vikundi ndo mnaoingia kwenye nyumba kabla ya paroko, kwa hiyo nyie ndo macho yake. Mulizeni mgonjwa kama anataka Komunyo. Kama parokia ina wahudumu wa Komunyo walioteuliwa wanaweza kumpelekea nyumbani, sio lazima padre kila mara. Mpako wa Wagonjwa huo ni padre tu, na tafadhali msiusubirie mtu akate roho. Mimi nafanya kazi wodini naona watu wanaogopa kumwita padre eti mgonjwa atajua anakufa. Ile sio sakramenti ya marehemu mtarajiwa, mtu mwenye ugonjwa mzito au anayekwenda kwenye upasuaji mkubwa anapakwa. Huyo mama wa mgongo alistahili tangu kabla hajaingia chumba cha upasuaji, ila nani angemwambia padre wakati kikundi kinajua kasusa.

Halafu la vitendo: mpige simu kabla, usikae kitandani kwake, usimpe ushauri wa dawa, usimsimulie jirani yako aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Hili la mwisho nalisema kwa sababu nimelisikia kwa masikio yangu zaidi ya mara moja.

---

FundiSaa:

Mimi mwanaume nimepita tu, mke wangu ndo mwanakikundi. Kwao walitenganisha mifuko. Mfuko mmoja wa kusaidiana, huo una kanuni, ukichangia unapata kiasi kilichoandikwa, hakuna lawama wala kuonewa huruma, ni makubaliano kama ya chama chochote. Mfuko wa pili wa huduma, hauna orodha ya majina, watu wanatumbukiza kwenye sanduku wanachojisikia, na unamhudumia yeyote hata asiye Mkatoliki. Ugomvi uliisha maana mwanzoni mambo mawili yalikuwa yanaishi nyumba moja.

Ila sijui kwa nini kutembeleana mlikuweka chini ya mfuko wowote, miguu haitoki kwenye hela za kikundi.

---

Mweka_Hazina_Mstaafu:

@FundiSaa nakubaliana na wewe na sipendi kukubaliana na watu mapema hivi. Sisi kweli tulichanganya. Niongeze tu, hata mfuko wa huduma uwe na daftari na watu wawili wa kusaini, upendo bila daftari nao unaleta maneno.

---

BibiRozari:

Na mkumbuke Tabitha wa Yafa, Matendo sura ya 9. Alivyokufa wajane walimzunguka Petro wanalia wanamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hakuna aliyemwonyesha Petro mahudhurio.

---

Katibu_Mpya:

Nimerudi wapendwa, wiki tatu zimepita, asanteni wote hata aliyenipiga inbox na kunisema.

Kikao tulikaa masaa matatu. Nilisoma ile ya Châtillon, kukawa kimya, halafu mama mmoja akasema "kwa hiyo sisi hata upendo mwingi hatujafika, tungeanzia hapo kwanza" watu wakacheka na hali ikapoa. Mifuko tumeitenganisha. Ile kanuni ya miezi mitatu imebaki kwenye mfuko wa kusaidiana peke yake, wale wa katiba wameridhika. Orodha ya wadaiwa kwenye grupu imepigwa marufuku. Nilikwenda kumwomba radhi yule mama mgonjwa kwa ile orodha maana niliibandika mimi, akaniambia deni lake liandikwe pale pale lilipo, atalipa akisimama, hataki kufutiwa. Nikataka kubisha nikaona hapana, nikaliandika.

Paroko alimpelekea Mpako, alilia sana, alikuwa anauogopa kuuomba.

Zamu ndo zimenitoa jasho. Wiki ya kwanza walikwenda vizuri. Wiki ya pili nikapanga wawili bila kuuliza, kumbe hawasemeshani tangu mwaka juzi kisa maua ya altare! Wakaenda hivyo hivyo, mmoja mbele mmoja nyuma. Sasa mgonjwa anatakiwa kugeuzwa na watu wawili wakivuta shuka kwa pamoja, huwezi kumgeuza mtu bila kuhesabiana moja mbili tatu. Wamehesabiana. Jana niliwaambia nitawabadilishia wenza, nimesikia tu "wewe katibu tuachie zamu yetu."