Denver–Silverton–Ouray wiki ya mwisho ya Septemba, na wazazi: tuanzie upande gani?

Bandarini_Tanga

Wakuu, habari zenu. Nahitaji ushauri wa wanaoijua milima ya San Juan, kusini-magharibi mwa Colorado.

Tunaishi Denver. Wazazi (66 na 71, mzee ana presha) wanakuja na kaka kutoka Tanga, na tunataka kuwaonyesha miji ya zamani ya machimbo: Silverton, Ouray, Telluride. Siku ni nne, Alhamisi hadi Jumapili. Gari la kukodi, SUV ya kawaida, si 4x4. Mpango wa sasa ni Denver–Montrose–Ouray siku ya kwanza, tulale Silverton, kisha tuzunguke duara lote la San Juan Skyway (barabara ya mzunguko wa milima hii), kama km 380, na kurudi nyumbani.

Nauliza haya: ni kweli barabara kuu ya US 550 kati ya Ouray na Silverton haina kingo pembeni, yaani vizuizi vya kulizuia gari lisitumbukie bondeni? Mama anaogopa sana kimo. Je, magofu ya Animas Forks, mji wa machimbo uliohamwa, yanafikika kwa gari hili? Na kaka mwenye leseni ya Tanzania tunaweza kupokezana naye usukani?

Gia_ya_Pili

Mkuu, geuza mpango wote. Ukiingia kutokea Montrose utapita korongo la Uncompahgre ukielekea kusini, na kwa kuwa huku tunaendesha kulia, gari lako ndilo litakuwa ukingoni. Abiria wa mbele atakuwa anatazama bonde chini ya dirisha lake. Ukitokea Silverton kwenda Ouray unabana ukuta wa mwamba, na kati yako na bonde kuna njia nzima ya wanaopanda. Barabara ni ileile, ila mama atasafiri akiwa na amani.

Kuhusu kingo: sehemu kubwa ya km 20 zilizo juu ya Ouray hazina. Magreda ya theluji yanahitaji mahali pa kuisukumia, na kingo zingeizuia. Hata nafasi ya pembeni ya kusimamisha gari hakuna sehemu nyingi. Mwendo ni maili 25 kwa saa (km 40), na kona nyingine zina bango la 10 au 15. Yaheshimu, hayakuwekwa kwa ajili ya malori peke yake.

Kwa hiyo Alhamisi toka alfajiri kwa US 285, uingie US 160, uvuke kilele cha barabara cha Wolf Creek Pass (kimo m 3,309), Pagosa Springs, hadi Durango. Ni kama km 540, saa sita na nusu za usukani bila kuhesabu kusimama. Ijumaa Durango–Silverton–Ouray: km 120 tu, lakini ipe siku nzima. Jumamosi Ridgway, Dallas Divide, Telluride, halafu urudi kulala Ridgway au Montrose. Jumapili US 50 kupitia Gunnison na Monarch Pass (m 3,448) hadi Denver.

Duara lote achana nalo safari hii. Upande wa Lizard Head, Rico na Dolores ni mzuri kweli, lakini ukiumaliza unajikuta Durango tena, wakati safari ya kurudi Denver ni fupi zaidi ukianzia Montrose. Siku nne hazitoshi kuona na kuzunguka.

Ijumaa mna vilele vitatu: Coal Bank (m 3,243), Molas (m 3,325) na Red Mountain (m 3,358), na miteremko ya asilimia 6 hadi 8. Gari la otomatiki lisishuke likiwa kwenye D. Weka L, au 2, au sehemu ya kubadili gia kwa mkono. Kipimo ni hiki: kama bado unakanyaga breki kila baada ya sekunde chache, shusha gia moja zaidi. Injini ikinguruma kwenye mizunguko 3,500 au 4,000 kwa dakika usiogope, ndiyo inafanya kazi ya kulishikilia gari. Breki ikanyage vya kutosha, mwendo upungue, kisha iachie kabisa ipoe. Anayeigusagusa muda wote ndiye anayeichemsha: kwanza pedi zinaacha kushika, halafu mafuta ya breki yanachemka na kutoa mvuke, pedali inazama bila kitu. Ukisikia harufu ya kuungua, ingia kwenye egesho, kaa nusu saa, na usimwage maji kwenye diski za moto.

Petroli jaza Durango, na tena Ridgway au Montrose, usiitegemee Silverton. Angalia pampu kabla ya kubonyeza: huku milimani ya bei ya chini mara nyingi ni oktani 85 (namba ya daraja la petroli), na magari mengi ya sasa mwongozo wake unataka 87 kwenda juu. Gari ni la watu, lipe 87.

Kaka aandikwe kwenye mkataba wa gari kama dereva wa pili, la sivyo bima haitamtambua. Kampuni nyingine pia huomba kibali cha kimataifa cha udereva, akitafute kabla ya kuondoka Tanzania. Mpe vipande vilivyonyooka vya bonde la San Luis au karibu na Gunnison. Korongoni hapana. Mtu aliyezoea kuendesha kushoto akishtuka, mkono unampeleka kushoto, na pale kushoto kuna gari linalopanda.

nesi_wa_zamu

Naongezea kuhusu wazee, maana mpango wa kulala Silverton ndio umenishtua kuliko korongo.

Mtu wa Tanga amezoea usawa wa bahari. Denver peke yake ni m 1,609, kwa hiyo wakae hapo angalau siku mbili au tatu kabla ya kupanda. Durango iko karibu m 2,000, Ouray m 2,375, Telluride m 2,667, Silverton m 2,840. Kinachosumbua zaidi ni mahali unapolala kuliko kilele unachovuka kwa dakika 20. Na Silverton ina shida yake: barabara zote mbili za lami zinazotoka pale zinapanda kwanza, Molas kusini na Red Mountain kaskazini. Mzee akizidiwa usiku, huwezi kumshusha bila kumpandisha karibu mita 500. Ouray unateremka moja kwa moja hadi Montrose, ambako kuna hospitali, km 58 tu.

Kuumwa kichwa kidogo na kukosa usingizi ni kawaida. Kutapika, kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa tu: mshushe saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi. Presha inaweza kupanda siku za mwanzo, basi mzee amwone daktari wake kabla ya safari, hasa kama anatumia dawa za kukojosha, kwani hewa ya huko ni kavu na maji yanapotea bila jasho kuonekana. Aje na kipimo chake cha presha. Kwenye bwawa la maji moto la Ouray achague upande wa vuguvugu, dakika 10 hadi 15, na atoke polepole.

Jiwe_la_Galena

Waliotangulia wamemaliza barabara, mimi niseme machimbo.

Ijumaa fikeni Silverton kabla ya saa tano asubuhi. Treni ya mvuke kutoka Durango, reli nyembamba iliyofika pale mwaka 1882, inamwaga abiria wake karibu na mchana, na hapo kila mgahawa una foleni. Kuleni mapema, au baada ya treni kuondoka.

Animas Forks: barabara ya kaunti namba 2 kutoka Silverton hadi Eureka, kama km 13, ni ya changarawe baada ya lami kuisha, na gari la kawaida linafika. Km 6 za mwisho ndizo zina mawe yanayogonga tumbo la gari na kupasua tairi ubavuni, na pancha ya ubavu haizibiki. Soma mkataba: kampuni nyingi zinakataza kutoka kwenye lami, hivyo hata kuvutwa utalipa mwenyewe. Silverton wanakodisha jipu kwa siku, chukueni hilo. Mji wenyewe uko karibu m 3,400. Mwaka 1884 theluji ilipiga siku 23 mfululizo, watu wakachimba mahandaki kutoka nyumba hadi nyumba. Nyumba kadhaa za mbao bado zimesimama na mnaruhusiwa kuingia. Msiokote hata msumari, ni ardhi ya umma na sheria inakataza. Mkikuta theluji mpya, geuzeni.

Kwa wazee ningechagua mgodi wa Old Hundred badala yake. Kitreni kinawaingiza karibu nusu kilomita ndani ya mlima, na wanaona mashine za kutoboa miamba zikiwashwa. Ndani ni kama nyuzi 9, koti ni lazima hata jua likiwa kali nje. Njiani mtapita kinu cha Mayflower, kilichosaga mawe kuanzia karibu 1930 hadi 1991. Tazameni juu: ndoo za kamba zilizoshusha mawe kutoka mlimani bado zinaning'inia. Piga simu kwanza kwa vyote viwili, msimu wao unakaribia mwisho Septemba ikiisha.

Kati ya Silverton na Ouray simameni kwenye egesho la kutazamia machimbo ya Red Mountain. Ule mnara wa mbao ng'ambo ya bonde ni wa Yankee Girl, mgodi wa fedha uliogunduliwa 1882. Wekundu wa milima ni kutu: madini yenye chuma na salfa yakikutana na hewa na maji yanatoa kutu na asidi. Ndiyo maana vijito vya hapo ni vya rangi ya chungwa. Msinywe, na mtoto asichezee. Agosti 2015 maji ya aina hiyo, zaidi ya lita milioni 11, yalifumuka kutoka mgodi wa Gold King, na mto Animas ukawa na rangi ya haradali hadi Durango na kuendelea.

Mashimo ya zamani yasiyo na mlango, kaeni mbali. Kudondokewa na mbao zilizooza ni hatari moja. Hatari isiyoonekana ni hewa iliyoisha oksijeni, ambayo haina harufu.

Telluride kwa maoni yangu imepakwa rangi mno, ni mji wa matajiri wanaokuja kuteleza kwenye theluji (ski). Lakini egesheni Mountain Village mpande gondola ya bure (kibanda kinachoning'inia kwenye kamba) kushukia mjini. Kwa mzee hilo ndilo tamasha. Anayependa umeme asikose kujua kwamba pale karibu, Ames, mwaka 1891 mtambo wa maji ulianza kupeleka umeme wa mkondo geu (AC) kwenye mgodi, miongoni mwa ya kwanza duniani kwa kazi ya viwanda.

Bandarini_Tanga

Asanteni sana wakuu, nimegeuza safari na Silverton sitalala. Moja tu limebaki: ramani ya simu inaonyesha Ouray na Telluride zimekaribiana mno. Kuna njia ya mkato?

Gia_ya_Pili

Ipo, na ndiyo usiiguse. Angani ni kama km 16, lakini njia hiyo ni Imogene Pass, m 3,997, ya mawe na ya 4x4 tupu. Njia nyingine ya huko, Black Bear, ni mbaya kuliko hiyo. Ninyi piteni Ridgway, US 550 kisha 62 na 145, kama km 80, saa moja na robo. Pakua ramani kabla ya kutoka Durango kwa sababu mtandao unakatika milimani, na kila asubuhi fungua COtrip, ukurasa wa barabara wa jimbo. Septemba mwishoni theluji inaweza kufunga Red Mountain kwa saa kadhaa. Ikifungwa msisubiri mkiwa Silverton, subirini Durango.

Na vyumba vya Ouray shika leo. Wiki hiyo majani ya miti ya aspen yanageuka dhahabu na Colorado nzima iko barabarani Dallas Divide. Wanaosimamisha gari katikati ya njia kupiga picha ni wengi, acha nafasi mbele yako.

nesi_wa_zamu

Na mama akae nyuma ya dereva, upande wa kushoto? Hapana: mkielekea Ouray ukuta uko kulia. Mweke kulia.