Hamu ya pemba, hamu ya soda na uzito unaopanda: mwili unaomba madini kweli?

Afisa lishe, Masasi

Kuna mabishano yanayojirudia sokoni na kwenye foleni za kliniki huku kwetu kusini mwa Tanzania. Mama mmoja anatafuna pemba, yaani tonge la udongo wa kula, mwingine barafu, wa tatu hapitishi siku bila soda na maandazi, na uzito unapanda. Wote wanapewa jibu moja: "Mwili wako unaomba madini, ndiyo maana unanenepa. Nunua vidonge." Wengine wanataka halmashauri zipige marufuku uuzaji wa pemba. Naomba tulijadili hapa kwa vipimo.

Msimamo wangu nauweka wazi. Hamu ya kitu kisicho chakula, au cha kutafunwa kikiwa kibichi, yaani udongo, mkaa, barafu, mchele mbichi, unga mkavu, ni sababu ya kupima damu siku hiyohiyo. Hamu ya sukari si kipimo cha upungufu wowote. Tukizichanganya, mwenye damu pungufu anaonekana mroho, na aliyezidisha sukari anauziwa vidonge asivyovihitaji.

Chukueni mfano wa madini ya magnesi (magnesiamu). Wauza vidonge husema anayetamani chokoleti amepungukiwa magnesi. Gramu 100 za korosho zina magnesi karibu miligramu 290, tena zina chuma na zinki. Kama ulimi ungekuwa unatafuta magnesi, hamu ingekuwa ya korosho, mbaazi na ufuta, na vyote tunavyo. Hamu inayolalamikiwa kliniki ni ya soda na maandazi, vitu vyenye magnesi kidogo sana.

Mkunga, Newala

Naunga mkono, ila neno "kupima" lisipite hivihivi.

Upungufu wa chuma na hamu ya udongo au barafu huenda pamoja, hilo limeonekana nchi nyingi. Kwa barafu ndiyo wazi zaidi: mgonjwa akianza chuma, hamu mara nyingi hukatika ndani ya siku chache, kabla wingi wa damu haujapanda. Kwa udongo haijanyooka hivyo. Wapo wanaoacha, na wapo wanaoendelea kwa ajili ya kichefuchefu, kiungulia au mazoea. Lakini udongo hauongezi damu. Udongo wa mfinyanzi hukamata chuma tumboni na kutoka nacho. Mama akimeza kidonge asubuhi na kutafuna pemba juu yake, sehemu ya kile kidonge inaishia chooni.

Mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito mpaka ni 12. Kinga kwa mjamzito ni chuma miligramu 30 hadi 60 na asidi ya foliki miligramu 0.4 kila siku. Akikutwa na upungufu, chuma hupanda hadi miligramu 120 kwa siku mpaka damu irudi, kisha anarudi kwenye dozi ya kinga. Kidonge kinashika vizuri tumbo likiwa tupu, kwa maji. Kikimchafua roho, ameze na chakula kuliko kuacha. Choo kuwa cheusi ni kawaida, aambiwe mapema, maana wengi huacha dawa kwa hofu hiyo.

Baada ya wiki 4 apimwe tena. Kama haikupanda hata gramu 1, msikimbilie kuongeza vidonge. Ulizeni kwanza: anameza kweli? Anashushia na chai? Ana malaria, kichocho, minyoo ya safura, au selimundu? Huku kwetu malaria na kichocho havikosi, na hakuna kati ya hivyo kinachotibika kwa chuma. Dawa ya minyoo ni albendazoli miligramu 400 mara moja, baada ya miezi 3 ya kwanza ya mimba.

Muuza viungo na pemba, Mtwara mjini

Shikamoo dada mkunga. Mnaiongelea pemba kana kwamba ni kitu kimoja. Iliyochomwa vizuri ukiivunja inalia kama kigae, rangi ya ndani na nje moja, na haiachi mchanga kwenye meno. Iliyoanikwa juani tu inakatika kimya, katikati ina rangi nzito ya unyevu, na mara nyingine utaona kijiti au unyasi ndani. Mteja mzoefu anazijua kwa kuzigonga.

Marufuku siitaki, na si kwa sababu ya faida, pemba ni bidhaa ndogo kwenye meza. Mama mwenye hamu akikosa pemba sokoni atachota udongo wa kichuguu au atabandua ukuta wa nyumba. Huo haujachomwa, na kuku, mbuzi na watoto wameupitia. Mtakuwa mmemtoa kwenye hatari ndogo mkampeleka kubwa.

Fundi sanifu maabara, Lindi

Marahaba kwa niaba ya dada mkunga, mdogo wangu. Hoja ya kuchoma ni kweli kwa minyoo peke yake. Mayai ya minyoo ya mviringo hayavumilii moto, na udongo uliofika joto la kuchoma kigae umekwisha kuyaua. Lakini arseniki na risasi haziungui. Pemba zilizochunguzwa Geita, eneo la migodi ya dhahabu, zilikutwa na arseniki. Za kwetu husafiri kutoka mbali na kupita mikono mingi, na kwenye meza hakuna anayeweza kukuonyesha lilikochimbwa tonge lile. Mlio wa kigae haukuambii kitu kuhusu risasi, na risasi huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

Sasa upande wetu wa maabara, maana nasi tunaharibu. Kile kipimo cha tone la kidole kinategemea mkono wa mpimaji. Kidole kiwe na joto. Choma pembeni ya ncha, si katikati. Futa matone mawili au matatu ya kwanza kwa pamba kavu, acha linalofuata lijijaze lenyewe. Ukikamua kidole kama chuchu ya mbuzi, maji ya mwilini yanachanganyika na damu na jibu linashuka kwa uongo. Kijiwadi, yaani kile kichombo kidogo kinachofyonza tone la damu, kikiingiwa na kiputo cha hewa, tupa, chukua kingine. Kopo la vijiwadi likiachwa wazi kwenye unyevu wa pwani, vinaharibika, na majibu yote ya siku ile hayafai.

Kuangalia weupe ndani ya kope si kipimo. Kunamkamata aliyepungukiwa sana, na anayeanza kupungukiwa anapita.

Kwa wenye uwezo wa kupima feritini, yaani akiba ya chuma: chini ya mikrogramu 15 kwa lita, akiba imekwisha. Ila feritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi. Mtu mwenye malaria anaweza kupata jibu la 50 na bado akiba yake ni tupu. Ndiyo maana kwa mtu mzima mwenye maambukizi mpaka hupandishwa hadi 70.

Mfamasia, Mtwara mjini

Nimesubiri lile la unene, kwa sababu dirishani kwetu linakuja kila siku: "Sitaki vidonge vya damu, vinanenepesha."

Kidonge cha chuma hakina nishati ya kumnenepesha mtu. Kinachotokea ni kwamba upungufu mwingi huua hamu ya kula. Zinki ikipungua, chakula hakina ladha. Vitamini B1 ikipungua, mtu hataki kula kabisa. Chuma vilevile, hasa kwa watoto. Mtu akitibiwa anaanza kula kama mzima, na kilo mbili zinarudi. Mjamzito naye anatakiwa aongezeke: aliyeanza mimba na uzito wa kawaida huongezeka kilo 11.5 hadi 16, na lawama zinaangukia vidonge kwa sababu ndivyo alivyokuwa akimeza wakati huo.

Kinachonenepesha kweli ni kitu kingine kinachovaa nguo ya vitamini. Zipo sharubati na vidonge vya "kuongeza hamu ya kula" ambavyo ndani, pamoja na vitamini B, vina siproheptadini. Hiyo ni dawa ya mzio. Inafungua njaa na kuleta usingizi, na ukiiacha njaa inarudi ilipokuwa. Mbaya zaidi ni deksamethasoni inayouzwa kwa siri kama dawa ya makalio na mashavu. Uso unakuwa mviringo, maji yanajaa, sukari na shinikizo la damu vinapanda, na tezi zilizo juu ya figo zinalala. Aliyetumia kwa wiki nyingi asiikatishe ghafla peke yake, afike hospitali ashushiwe dozi taratibu. Kabla ya kununua "vitamini" yoyote, soma orodha ya viambato. Kama haina orodha, iache hapohapo.

Na jambo moja kwa wajawazito wa mikoa yenye malaria kama yetu: asidi ya foliki ya miligramu 5 isitumike pamoja na SP, ile dawa ya kumkinga mjamzito na malaria. SP inafanya kazi kwa kukinyima foliki kijidudu cha malaria, na dozi kubwa hivyo inakilisha. Ile ya miligramu 0.4 haina tatizo. Wapo wanaonunua ya 5 wakidhani kubwa ni bora.

Tabibu, Nachingwea

Hapa nampinga afisa lishe kidogo. Maneno yake yanaonyesha kana kwamba upungufu na unene havihusiani. Upo upungufu mmoja unaoweza kuongeza uzito, nao ni wa madini joto (iodini). Tezi ya shingo ikikosa madini joto inavimba kuwa rovu, na ikishindwa kazi mwili unapoa: mtu anasikia baridi wengine wakitoka jasho, choo kigumu, ngozi kavu, sauti nzito, uchovu, na uzito unapanda.

Na sisi tuna sababu ya pekee ya kulizungumza. Chumvi inavunwa papa hapa, kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi, Kilwa na Mtwara. Ile ya mawe inayouzwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lililo wazi, mara nyingi haikuwekwa madini joto, au iliwekwa yakapotea kwa unyevu na jua. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo, ukila gramu 5 kwa siku, inakupa 150 kamili. Ikishuka hadi 15, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachokubalika nyumbani, unapata 75 tu. Wa pwani anaongezewa na samaki. Wa Nachingwea au Tandahimba anayekula samaki kwa nadra anategemea chumvi.

Kupima ni rahisi: tone la maji ya kipimo juu ya chumvi, ikigeuka bluu au zambarau, madini joto yamo. Chumvi ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, na itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Afisa lishe, Masasi

Tabibu, nimekubali kurekebishwa, na chumvi naongeza kwenye ninayofundisha. Ila tuseme na kiasi, maana watu watasikia "tezi" na kuacha kila kitu. Tezi ikilegea, uzito unaoongezeka kwa kawaida ni kilo chache, sehemu kubwa ikiwa maji na chumvi mwilini. Kilo 20 hazielezwi na tezi peke yake.

Zinaelezwa na hesabu. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, vijiko 9 vya chai. Ni kilokalori 150 hivi, zisizoshibisha. Kila siku kwa mwezi ni 4,500. Ongeza chai ya vijiko 3 mara mbili, na asubuhi nzima bila chakula cha maana. Ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, ni wanga karibu mtupu, protini yake haifiki gramu 3 kwa gramu 100 za unga. Ukiliwa na mchuzi mwepesi, saa tatu baadaye njaa imerudi, nayo inatafuta kitamu. Weka mbaazi au dagaa kwenye sahani hiyo, na hamu ya jioni inapungua bila kidonge.

Tena mara nyingi mshale unaelekea upande wa pili. Mafuta mengi mwilini huleta uvimbe wa ndani kwa ndani, ini linatoa kwa wingi homoni iitwayo hepsidini, na hepsidini hufunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Vitamini D nayo inazama kwenye mafuta. Kwa hiyo mnene anaweza kweli kuwa na upungufu, lakini kumpa vitamini D hakumpunguzi uzito. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Makundi hayo mawili yanakutana ndani ya nyumba moja, na hata ndani ya mtu mmoja.

Muuza viungo na pemba, Mtwara mjini

Na mabibo? Msimu wake yanaoza chini ya mikorosho, na tunaambiwa yana vitamini C kuliko machungwa.

Afisa lishe, Masasi

Yanayo, mara kadhaa zaidi ya chungwa, na vitamini C husaidia chuma cha kisamvu na mbaazi kupita. Tatizo ni ule ukakasi kooni. Ni tanini, jamii ileile iliyomo kwenye chai, na hushika chuma. Kamua, changanya na uji mwepesi wa wanga uliopoa, acha utulie mpaka machicha yazame, kisha mimina ya juu na unywe siku hiyohiyo pamoja na mlo. Ikilala imeanza kuwa uraka, pombe ya mabibo. Chai isogezwe saa moja baada ya kula.

Mkunga, Newala

Turudi kwenye marufuku. Siiungi mkono, na sababu yangu si ya kichuguu peke yake. Ikipigwa marufuku, mama ataificha pemba kwenye pochi na hataniambia. Leo akiulizwa kwa upole anasema, na akisema napata nafasi ya kupima damu. Swali hilo liulizwe kila hudhurio: "Kuna kitu unatamani kutafuna kisicho chakula?" Lisiulizwe mbele ya foleni.

Ninachotaka kutoka sokoni ni vitu viwili. Muuzaji ajue pemba yake imechimbwa wapi, ya maeneo ya migodi isiwekwe mezani. Na mdogo wangu, mteja mwenye mimba akinunua kwako kwa mara ya tatu wiki hiyo, mwambie: "Dada, hii hamu kliniki wanaipima." Wewe unamwona mara nyingi kuliko mimi.

Muuza viungo na pemba, Mtwara mjini

Hilo la kumwambia naliweza kuanzia kesho. La kujua ilikochimbwa itabidi nimbane anayeniletea gunia, na asiponijibu sitachukua mzigo.