Tupeane uzoefu: Kupata kadi ya grafiki ya bei nafuu yenye enkoda ya video

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa wale waliowahi kutafuta kadi ya grafiki isiyo ghali kwa kazi moja tu, yaani kubana video kwa maunzi, wala si kwa ajili ya michezo. Mimi hurekodi masomo kutoka kwenye skrini na mara nyingine huyarusha mubashara, na prosesa yangu ya viini vinne huelemewa pale inapotakiwa kuendesha programu ninayoifundisha na papo hapo kubana video yake. Fremu hudondoka, sauti huitangulia picha, na mwanafunzi anayefuatilia hukosa hatua nzima ya somo.

Nilichokibaini mapema katika kutafuta ni kwamba bei, umri na hata jina la kadi havimwambii mnunuzi kama enkoda imo. Enkoda ni sehemu ndogo ya chipu inayobana video, iliyojitenga na viini vinavyochora picha, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kuiacha bila kadi kupoteza uwezo wake mwingine, na mara nyingi huachwa kwenye zile kadi za chini ambazo sisi wenye mfuko mwembamba ndizo tunazozikimbilia. GT 1030 ya mwaka 2017 ni ya kizazi kimoja na GTX 1050, kizazi cha Pascal, lakini GTX 1050 ina NVENC, yaani enkoda ya NVIDIA, na GT 1030 haina kabisa. RX 6400 na RX 6500 XT za AMD, za mwaka 2022, nazo hazina enkoda, kwa kuwa chipu yake, Navi 24, ililengwa zaidi kompyuta mpakato, ambamo prosesa huwa na enkoda yake yenyewe. Ndiyo maana GTX 1050 iliyotoka mwaka 2016 inaweza kurekodi kazi ambayo kadi iliyotoka zaidi ya miaka mitano baadaye haiwezi.

Hata pale enkoda inapokuwapo, jina moja laweza kubeba vizazi viwili. GTX 1650 ya awali, ya mwaka 2019, imejengwa kwa chipu ya TU117 ambayo enkoda yake ni ya kizazi cha Volta, sawa kwa ubora na ile ya Pascal. GTX 1650 Super hutumia TU116 na imepewa enkoda mpya ya kizazi cha Turing, ambayo NVIDIA walidai kwamba huokoa hadi asilimia 15 ya biti katika H.264 na hadi asilimia 25 katika HEVC, mfumo mpya zaidi wa kubana video, kwa ubora uleule wa picha. Halafu mwaka 2020 zikatoka GTX 1650 nyingine zenye TU106, ambazo jina ni lile lile la kwanza lakini enkoda ni ya Turing. Kwa hiyo muuzaji anayesema "hii ni 1650" hajasema jambo la kutosha, na ni haki yako kumwuliza chipu.

Naomba kila mchangiaji ataje kadi, chipu yake kama anaijua, kazi aliyoifanya, na jinsi alivyohakikisha kwamba enkoda inafanya kazi kweli.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kabla hujatoa hata senti, angalia prosesa uliyo nayo. Intel wamekuwa wakiweka Quick Sync, enkoda yao ya video, ndani ya prosesa zao zenye grafiki tangu mwaka 2011, na kuanzia kizazi cha Skylake cha mwaka 2015 inabana HEVC pia, si H.264 peke yake. Watu wengi wanatembea na enkoda nzuri ambayo hawajawahi kuiwasha. Wanaokosa ni wenye prosesa ambazo namba yake huishia na herufi F, kama i5-9400F au i3-10100F, kwa sababu hizo hazina grafiki ya ndani.

Kwangu tatizo lilikuwa kwamba nilikuwa nimechomeka kadi ya zamani, na ubao mama mwingi huzima grafiki ya ndani ukiona kadi nyingine kwenye sloti. Niliingia kwenye BIOS nikailazimisha grafiki ya ndani ibaki imewashwa, nikaweka draiva yake, na nilipofungua OBS, programu ya kurekodi skrini na kurusha matangazo, nikaikuta QuickSync kwenye orodha ya enkoda. Skrini iliendelea kuchomekwa kwenye kadi kama kawaida. Utafutaji wangu wa kadi uliishia hapo, na hadi leo ninarekodi kwa njia hiyo.

Mchangiaji wa pili

Mimi nieleze habari ya kadi bandia, kwa maana ndiyo hatari kubwa zaidi kwa anayetafuta kadi iliyotumika. GTX 1050 Ti ni kadi inayopendwa kwa kazi hii: hutumia wati 75, matoleo mengi hayahitaji waya wa umeme kutoka pawa saplai, na enkoda yake hubana HEVC hadi ya biti 10. Kwa sababu inapendwa, wapo wanaochukua kadi za kale kama GTS 450 na GTX 550 Ti, wakabadilisha BIOS yake (programu ndogo iliyomo ndani ya kadi yenyewe) ili ijitambulishe kwa jina la 1050 Ti, kisha wakaziuza.

Niliyoletewa mimi ilikuwa na tangazo zuri na bei ya kuvutia. Kilichonishtua kwanza ni tundu la VGA lililokuwa pembeni, kwa kuwa chipu za Pascal ziliacha kutoa mawimbi ya analogi, na kadi halisi ya namna hiyo kwa kawaida haina tundu hilo. Nilimwomba muuzaji tuichomeke kwenye kompyuta yake mwenyewe. Windows iliandika GTX 1050 Ti bila kusita, pamoja na gigabaiti 4 za kumbukumbu, naye akanitazama kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Nikafungua OBS: kwenye orodha ya enkoda kulikuwa na x264 peke yake, yaani kubana kwa prosesa. Nikafungua GPU-Z, programu ya kutambua kadi, ambayo tangu mwaka 2018 huweza kutambua kadi za namna hii, ikaweka alama ya kadi bandia mbele ya jina na kuonyesha chipu ya GF116 yenye viini 192, ilhali 1050 Ti halisi ina chipu ya GP107 na viini 768. Kizazi cha Fermi, ambacho GF116 ni chipu yake mojawapo, hakikuwahi kuwa na NVENC; ilianza na Kepler mwaka 2012. BIOS inaweza kudanganya jina na kiasi cha kumbukumbu, lakini haiwezi kuzusha enkoda ambayo haimo kwenye chipu.

Tuliagana kwa amani. Kadi sikuichukua.

Mwanzisha mada

Ahsante sana, mkuu, kwa maelezo hayo ya VGA. Prosesa yangu kwa bahati mbaya ni ya kundi la herufi F, kwa hiyo njia ya mchangiaji wa kwanza imenipita. Na niongeze jambo nililosahau: kasha langu ni dogo, lile la kompyuta za ofisini, na pawa saplai haina waya wa ziada wa kadi.

Mchangiaji wa tatu

Kwa kasha la aina hiyo tazama kadi za ofisini za Quadro za NVIDIA. P400 na P620 ni fupi, huingia kwenye kasha jembamba, na P400 inatumia wati 30 tu. Zote ni Pascal, kwa hiyo enkoda ni ileile ya 1050. Kagua kama bamba fupi la kufungia limekuja nalo, na waya za mini DisplayPort, maana muuzaji wa kadi iliyotumika mara nyingi hana habari navyo.

Mchangiaji wa nne

Nami natumia Arc A380 ya Intel kwenye seva ya nyumbani ya Jellyfin, programu ya kusambaza video kwa vifaa vya nyumbani, ambako video huhitaji kubadilishwa umbo kila simu au televisheni inapoomba kitu ambacho haiwezi kukisoma. Nilichagua Arc kwa sababu ya AV1, mfumo wa kubana video ulio mpya kuliko HEVC. Kwa kadi za NVIDIA, kubana AV1 kulianza na RTX 40, na kwa AMD kulianza na RX 7000, na zote mbili zilipotoka mwaka 2022 hazikuwa kadi za mtu anayebana matumizi. Intel kwa upande wao waliiweka hata kwenye A310, kadi yao ya chini kabisa, na injini yake ya video ni ileile iliyomo kwenye A770. Sijui kampuni nyingine iliyowahi kumtendea mnunuzi wa ngazi ya chini namna hiyo katika jambo hili.

Yapo masharti ya kuzingatia. Ubao mama usiokuwa na Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, utaipunguzia kadi nguvu sana katika michezo, ingawa kwa kubana video peke yake athari yake ni ndogo na seva yangu haijanipa sababu ya kulalamika. Kwenye Linux hakikisha kiini cha mfumo ni toleo la 6.2 au jipya zaidi, maana matoleo ya kabla yake hayakuiwasha kadi hii bila kulazimishwa. Jambo la tatu ni umeme: kadi ikiwa haina kazi hula wati nyingi kuliko unavyotarajia, mpaka uwashe ASPM kwenye BIOS na kuruhusu sloti ya PCIe ijipumzishe. Kwa seva inayokesha, hilo si dogo.

Mchangiaji wa tano

Kuhusu kadi za kale zaidi, nina neno moja. Kepler zinauzwa kwa bei ya kutupa na enkoda zinayo, lakini inabana H.264 tu, na tawi la mwisho la draiva zake ni 470. Nilipojaribu kutumia toleo jipya la ffmpeg, programu ya kubana video kwa amri za maandishi, na kadi ya namna hiyo, iligoma na kueleza kwamba inahitaji kiolesura cha NVENC 12.0 ilhali draiva inatoa 11.1, ikanibidi nirudi kwenye toleo la zamani la programu. GTX 750 Ti ni ya Maxwell, hula wati 60, nayo pia hubana H.264 tu. Ukitaka HEVC kwa bei ya chini anzia GTX 950 au 960, na kwa kasha lako, mkuu, anzia Pascal.

Mchangiaji wa sita

Naomba niende kinyume kidogo na wenzangu. Enkoda ya maunzi imeundwa kwa haraka: inapaswa kumaliza kila fremu kabla inayofuata haijafika, kwa hiyo haina nafasi ya kutafakari kama x265, programu ya kubana HEVC, inavyotafakari ikipewa mpangilio wa polepole kwenye prosesa. Kwa matangazo mubashara na kurekodi skrini hiyo ndiyo zana sahihi. Kwa kuhifadhi video za familia zitakazokaa miaka mingi, mimi huiacha HandBrake ifanye kazi usiku kucha kwa prosesa, na hupata faili dogo zaidi kwa picha ileile. Anayenunua kadi kwa ajili ya kupunguza ukubwa wa maktaba yake ajiulize kwanza kama ana haraka.

Vilevile tusichanganye kubana na kusoma, yaani kufungua video iliyokwisha kubanwa. RTX 3050 husoma AV1 lakini haiwezi kuibana. Na wanaohariri video za kamera zenye rangi za 4:2:2 za biti 10 (umbo lenye maelezo mengi zaidi ya rangi) wanaweza kununua kadi yenye enkoda nzuri sana, kisha wakakuta uhariri bado unakwama, kwa sababu kadi za GeForce hazikuweza kusoma umbo hilo hadi RTX 50 ya mwaka 2025, ilhali grafiki za ndani za Intel tangu kizazi cha Tiger Lake zinalisoma katika HEVC.

Mwanzisha mada

Nashukuru. Kwangu ni masomo ya skrini na matangazo, kwa hiyo hoja ya haraka inanihusu moja kwa moja. Ninarusha YouTube na Twitch kwa pamoja huku nikirekodi nakala ya tatu. Je, P400 au P620 itahimili?

Mchangiaji wa tatu

Itategemea draiva. NVIDIA huweka kikomo cha video zinazobanwa kwa wakati mmoja kwenye GeForce na Quadro ndogo. Zamani kilikuwa 2, kikawa 3 mwaka 2020, kikapanda hadi 5 mwaka 2023 na 8 mwaka 2024. Kwa draiva ya karibuni inayoikubali kadi hiyo utakuwa salama kwa hesabu hiyo, na P2000 haina kikomo hicho, ila ni kubwa na haiingii kwenye kasha jembamba. Tena si lazima ubane mara tatu: Twitch hupendekeza kilobiti 6,000 kwa sekunde kwa picha ya 1080p, na kama YouTube itapokea mkondo huohuo, unabana mara moja kwa matangazo na mara moja kwa nakala yako yenye ubora wa juu.

Ukikutana na muuzaji, nenda na ffmpeg kwenye fimbo ya USB na uendeshe amri hii, ambayo haihitaji faili lolote la video:

ffmpeg -f lavfi -i testsrc2=size=1920x1080:rate=60 -t 60 -c:v h264_nvenc -f null -

Ikiwa chipu haina enkoda, itakataa papo hapo kwa kusema hakuna kifaa chenye uwezo. Usitosheke na kuona h264_nvenc kwenye orodha ya enkoda za ffmpeg, kwa kuwa orodha hiyo huonyesha kilichomo kwenye programu, si kilichomo kwenye kadi. Wakati amri inaendelea, fungua Task Manager na utazame grafu ya Video Encode. Ikipanda huku prosesa ikiwa imetulia, kadi inafanya kazi yake. Rudia kwa hevc_nvenc, kisha acha izunguke kwa dakika kadhaa huku ukisikiliza feni, maana kadi hizi ndogo zimekaa ofisini miaka mingi na vumbi halionyeshwi kwenye tangazo.

Mwanzisha mada

Nimepata P620 yenye bamba fupi, na muuzaji amekubali tuijaribu kwa amri hiyo kabla ya malipo. Nitaleta hapa matokeo ya H.264 na HEVC kwa 1080p ya fremu 60. Wenye RX 580 au kadi nyingine za Polaris naomba mwendelee kuchangia, kwa kuwa upande wa AMD bado haujapata msemaji katika uzi huu.