Roma siku mbili, tuko watu 15: tukodi basi dogo, tupande metro, au basi la ghorofa la watalii?

Mwanakwaya
Habari za jioni wadau. Kwaya yetu inakwenda kuhiji Roma, na ratiba ya hija ikiisha tutabaki na siku mbili za kwetu wenyewe. Tuko 15. Wanne wamevuka miaka 65, mmoja wao anatembelea bakora, na kuna mtoto wa miaka 7. Tunataka kuona Colosseum, Pantheon, chemchemi ya Trevi, basilika kuu zote nne, na makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kwanza.

Kamati imegawanyika. Wengine wanataka basi dogo na dereva wake siku zote mbili ili wazee wasichoke. Vijana wanasema metro, yaani treni ya chini ya ardhi, inatosha. Mhazini wetu anayapigia debe yale mabasi ya ghorofa yaliyo wazi juu, unapanda na kushuka utakapo. Aliyewahi kuzunguka kule na kundi anieleze, maana wazee wa watu nimekabidhiwa mimi.

Mama Safari
Mimi nilipeleka watu 14, tukakodi basi dogo kuanzia asubuhi hadi jioni. Karatasi ya makubaliano ilisema tutashushwa mlangoni kila tunakokwenda. Saa tano asubuhi dereva akasimama kando ya mto Tiber, akatuonyesha kwa kidole: Pantheon ni kule, mimi mwisho wangu hapa.

Hakuwa mkorofi. Katikati ya Roma kuna maeneo wanayoyaita ZTL, ambako kwa saa zilizowekwa gari lisilo na kibali haliingii. Kamera zinasoma namba ya gari na faini inakufuata hata kama umeshaondoka. Waliotukodisha walilijua hilo, hawakutuambia. Basi tukatembea kama tusingekuwa na gari, huku saa za gari tunazilipia. Jioni ndiyo ikawa mbaya zaidi. Gari haliruhusiwi kuegeshwa pale tulipoagana, dereva akawa anazunguka, na wazee wakakaa kwenye ngazi za kanisa dakika 40 wakimsubiri. Nilisononeka sana siku ile.

Mguu Mosi
Katikati ni kwa miguu tu, mkuu. Ngazi za Hispania hadi Trevi ni dakika kumi hivi, Trevi hadi Pantheon kumi nyingine, na ukitoka Pantheon, Piazza Navona iko hapo jirani. Kwa mwendo wa wazee zidisha mara mbili, bado mnafika.

Basilika nne zote ziko karibu na metro. Kwa Mtakatifu Petro unashuka Ottaviano. Kwa Mtakatifu Yohane wa Laterano unashuka San Giovanni. Kwa Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta kituo chenyewe kinaitwa Basilica San Paolo. Santa Maria Maggiore, alikozikwa Papa Fransisko mwaka 2025, ni mwendo mfupi kutoka Termini, kituo kikuu cha treni. Na Colosseum ina kituo chake, ukitokeza tu juu, hilo hapo mbele yako. Hakuna gari la kukodi litakalokusogeza karibu zaidi ya hapo, kwa sababu tangu 2013 ile barabara ya Fori Imperiali upande wa Colosseum imefungwa kwa magari binafsi.

Muuguzi wa Zamu
Mguu Mosi anasema kweli, ila anasema kama kijana. Mimi nilikuwa na mama yangu. Lifti za metro usiziwekee tumaini lote. Tulikuta moja imefungwa, ikabidi ngazi, na mama alipanda tukihesabu naye hatua kwa hatua.

Halafu kuna mawe. Njia nyingi za katikati zimetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, wenyewe wanaviita sampietrini, na vinaachana kidogo. Bakora ya mama ilizama katikati ya viwili, alipoivuta ikatoka bila ule mpira wa chini. Nikapiga magoti kuuchokonoa kwa ufunguo. Mwanakwaya, mnunulieni huyo mzee mipira miwili ya akiba kabla hamjaondoka, na viatu vyenye soli nene.

Maji msihangaike nayo. Mitaani kuna mabomba ya chuma yanayotiririka mchana kutwa, maji salama kabisa. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kidogo, unakunywa bila kuinama. Huyo mtoto wa miaka 7 hatataka kuondoka hapo.

Dereva Mstaafu
Kwa wanaotaka gari, jueni hesabu yake. Leseni ya kawaida ya Ulaya inaishia viti 9 pamoja na cha dereva. Ndiyo maana van nyingi za kukodi zinabeba abiria 8. Nyinyi 15 mtahitaji van mbili, au basi dogo lenyewe, ambalo dereva wake lazima awe na leseni ya juu zaidi. Kadiri gari linavyokuwa kubwa ndivyo masharti ya kuingia mjini yanavyobana, na vibali vya mabasi ya watalii vinalipiwa.

Kabla hujatoa pesa muulize mwenye gari mambo haya kwa maandishi: kibali ni cha maeneo gani, atawashusha mtaa gani na kuwachukua mtaa gani, na saa zinaanza kuhesabiwa gari likitoka gereji au likiwafikia. Hilo la gereji limewaumiza wengi. Na dereva msimgeuze mwongozaji. Italia kuongoza watalii kuna leseni yake.

Juu Ghorofani
Namtetea mhazini kidogo. Basi la ghorofa ni zuri kwa jioni ya kwanza, mkiwa mmechoka na hamjui kaskazini wala kusini. Unakaa, mji unapita mbele yako. Ila kama usafiri wa siku nzima, hapana. Halifiki mlangoni pa Pantheon wala Trevi. Na mchana likija limejaa, watu 15 hampandi pamoja, mnaanza kugawanyika barabarani. Juu pia hakuna kivuli.

Mama Safari
Mwanakwaya, safari ya pili nilifanya tofauti na sijutii. Gari nililikodi nusu siku tu, kwa kule pembeni ambako linaingia, na kwingine metro haikusaidii. Asubuhi Mtakatifu Paulo, kisha makaburi ya chini ya ardhi ya Mtakatifu Kalisto kwenye Via Appia Antica, ile barabara iliyoanza kujengwa mwaka 312 K.K. Kule metro haipo. Liko basi la umma namba 118, lakini kulisubiri juani na wazee sikushauri. Mkitoka makaburini mnarudi Laterano, na ng'ambo ya barabara tu kuna Ngazi Takatifu, hatua 28 zinazopandwa kwa magoti. Mnamalizia Santa Maria Maggiore, gari linawaacha hapo na kwenda zake.

Makaburini lazima mshuke ngazi na kuna baridi hata kiangazi, kwa hiyo kila mtu na kitenge chake au sweta. Asiyeweza kushuka abaki juu na mwenzake, bustani ni tulivu.

Siku ya pili ni miguu: Colosseum mapema kwa tiketi za saa maalumu zenye majina (mchukue pasipoti), mpumzike mchana, jioni Trevi na Pantheon. Kwa huyo wa bakora, teksi moja na mtu wa kumsindikiza.

Mguu Mosi
Hapo nakubali. Makaburini hata mimi nilikwenda kwa gari. Siku zenu mbili zinaangukia lini? Jumatano asubuhi Papa anapokuwa Roma huwa na katekesi, mafundisho yake ya hadhara, eneo lote la Mtakatifu Petro linafurika.

Mwanakwaya
Ni Jumatano na Alhamisi. Kwa Petro tutakuwa tumeshafika na hija, na makaburi ya Kalisto hufungwa Jumatano, kwa hiyo Jumatano iwe ya miguu, Alhamisi ya gari huko pembeni. Namwandikia mwenye gari usiku huu, na swali la gereji ndilo la kwanza.