Wakuu, vijana wako kwenye simu, sisi tuko jukwaani. Tunawapataje?

Mzee wa Pazia:
Heshima kwenu wakuu. Naongoza kikundi kidogo cha maigizo, watu 9 tukimhesabu na fundi taa. Onyesho letu la mwisho lilipata watazamaji 11. Vijana walikuwa watatu, na wote ni wadogo zake mwigizaji wetu.

Nikashauriwa niende mtandaoni. Nikasimamisha simu nyuma ya ukumbi, nikarekodi igizo zima, dakika 90, nikalipandisha YouTube. Wengi wanatoka kabla mhusika mkuu hajaingia. Maoni ni moja tu: "Sisikii kitu."

Nifanyeje? Au vijana wa sasa hawataki tena maigizo?

Sauti ya Nyuma:
Pole mkuu. Anza na sauti, maana picha mbaya mtu huvumilia, sauti mbaya hapana. Simu ikikaa nyuma inanasa kikohozi cha kiti cha mwisho kuliko mwigizaji. Weka simu ya pili karibu na jukwaa, irekodi sauti tu. Kabla ya kuanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Ukihariri, hilo kofi ndilo utakalooanishia sauti na picha.

National Theatre ya London ilipoanza kurusha maonyesho yake kwenye kumbi za sinema mwaka 2009, haikutegea kamera moja nyuma ikaondoka. Kamera ni kadhaa, na wapiga picha nao hufanya mazoezi.

Kalamu Kavu:
Napingana kidogo. Hata sauti ingekuwa safi, dakika 90 kwenye kioo cha simu ni adhabu, na bando linaisha. Igizo linaliwa likiwa moto, ukumbini. Mtandao uwe mlango tu.

Binti Mswada:
Nina miaka 19, naomba niwasemee washtakiwa. Maigizo tunayapenda. Ila mnachotaka kwetu ni tuzime simu, tukae gizani, tupige makofi, twende nyumbani.

Mwaka 2010 Royal Shakespeare Company, kampuni ya maigizo ya Uingereza, waliiweka hadithi ya Romeo na Juliet kwenye Twitter kwa wiki tano. Waigizaji walikuwa wakiandika kama wahusika, siku kwa siku, na watu wakiwajibu. Hilo hata kikundi cha watu 9 kinaliweza. Chagueni mhusika mmoja mwenye siri, mfungulieni akaunti wiki mbili kabla ya onyesho, mkiandika wazi kwamba ni mhusika wa igizo. Awe analalamika, anaomba ushauri, anagombana na watu kwenye maoni. Siri yenyewe isitoke huko. Anayeitaka aifuate jukwaani.

Mzee wa Pazia:
Binti, umenichapa lakini nimekuelewa. Na je, nikirusha mubashara, watazamaji wakapiga kura igizo liishe vipi?

Mgongo wa Jukwaa:
Hiyo ina undugu na kazi ya Augusto Boal, yule Mbrazili: mtazamaji anasimamisha igizo, anapanda kucheza anavyoona yeye. Mtandaoni inawezekana, ila jihadhari na ucheleweshaji. Matangazo humfikia mtu sekunde kadhaa baadaye. Mara yetu ya kwanza mwigizaji aliuliza, "Nimsamehe au nisimsamehe?" Akangoja. Kimya. Akaona aibu, akasamehe, wakakumbatiana. Ndipo kura zikamiminika: USIMSAMEHE!

Siku hizi likiulizwa swali, mpiga gitaa anajaza pengo mpaka kura ziingie. Na hakikisheni mmefanyia mazoezi miisho yote miwili, siyo ule mnaoupenda tu.

Kalamu Kavu:
Hapo nimecheka. Mkuu, kama tamthilia si yako, mwandishi akupe ruhusa ya kurusha mtandaoni. Ya jukwaani haitoshi.

Mzee wa Pazia:
Tamthilia ni yangu, hilo halina shida. Ile video naishusha leo. Kuna mhusika anayeficha barua kwenye kiatu tangu onyesho la kwanza. Huyo ndiye tunayemfungulia akaunti. Swali ni nani atamwandikia. Nikiandika mimi, kwa hizi nukta na mkato zangu, watajua ni mzee.

Binti Mswada:
Nani mdogo kuliko wote kikundini?

Mzee wa Pazia:
Kijana wa miaka 17, anacheza mlinzi. Ana mistari miwili tu, na muda wote wa mazoezi yuko kwenye simu.

Binti Mswada:
Si huyo hapo!