Haidromita inasema hivi, refraktomita inasema vile: niamini ipi kabla ya kujaza chupa?

Birika la Milimani (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Natengeneza bia nyumbani, ya kunywa mwenyewe na wageni, si ya kuuza. Imefika wakati wa kutia kwenye chupa na vipimo vinanichanganya.

Nilitumia kilo 3 za sharubati nzito ya kimea cha shayiri. Niliichemsha pamoja na hopsi (maua ya kutia uchungu) kwenye lita 10 hivi za maji, nikaipoza, kisha nikajazia maji kwenye ndoo mpaka lita 20. Nikachota juu kwa upawa: haidromita (kile kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kinywaji, maji matupu yakiwa 1.000) ikasoma 1.036. Maelezo ya kimea yalisema nitarajie 1.045 hivi. Nikatia hamira, ikachachuka kwa nguvu, sasa imetulia.

Leo haidromita nikiitumbukiza inasoma 1.016. Nikiiacha kidogo nikirudi, 1.012. Nimeazima refraktomita, nayo inaonyesha Brix 6 (Brix ni kipimo cha sukari), ambayo kwenye jedwali la kugeuza ni 1.024! Bia yenyewe iko nyuzi 29, joto la kawaida la mchana hapa kwetu. Je, hamira imechoka njiani? Sitaki sukari iliyobaki iendelee kuchachuka ndani ya chupa zipasuke, maana hapo stoo watoto hupita.

Miwa Muhoroni
Ndugu, refraktomita naijua vizuri kwa sababu huku kwetu ndiyo tunayotumia shambani kuangalia kama muwa umekomaa. Unakamua tone, unatazama kwenye mwanga, basi. Lakini ujue kifaa hicho hakipimi uzito wa kinywaji. Kinapima jinsi mwanga unavyopinda ukipita ndani yake, na mizani yake imepangwa kwa sukari ya miwa iliyoyeyuka kwenye maji matupu. Kwenye bia iliyochachuka kuna pombe, na pombe nayo hupinda mwanga. Kwa hiyo Brix 6 yako si sukari tupu, na lile jedwali halifai kabisa baada ya hamira kuanza kazi.

Kuna fomula za kurekebisha, lakini zinataka Brix ya mwanzo. Kama kweli ulianza na 1.045, hiyo ni kama Brix 11.2. Ukianza hapo na sasa unasoma 6, hesabu inaangukia karibu na 1.012. Hebu linganisha na haidromita yako ilipotulia.

Siku nyingine refraktomita itumie kabla ya hamira, ndipo inapofaa sana: matone mawili tu badala ya kumwaga kikombe kizima. Hata hapo wengi hugawanya kwa 1.04 hivi, kwa kuwa sukari ya kimea si sawa na ya miwa.

Shayiri ya Mau
Mimi niko Nakuru. Je, mwinuko hauhusiki? Kisumu iko mita 1,100 na kitu, sisi huku tuko 1,850 hivi. Huenda haidromita za kutoka ng'ambo zimepimwa usawa wa bahari.

Mwalimu wa Vipimo (Kakamega)
@Shayiri ya Mau, mwinuko haubadilishi chochote kwenye haidromita. Inaelea kwa kusukuma kando kinywaji chenye uzito sawa na wake, iwe Nakuru au Mombasa. Mwinuko utauona jikoni: maji huko kwenu yanachemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo hopsi hutoa uchungu polepole zaidi. Hilo ni suala la sufuria.

Sasa @Birika. Naanza na 1.036, kwa sababu hapo ndipo hesabu yote ya kilevi inapoharibikia. Umejazia maji lita 10 juu ya kimea kilichochemshwa, kizito, halafu umechota juu. Yale mawili hayachanganyiki kwa urahisi hivyo. Zito hukaa chini, jepesi juu, na wewe umepima jepesi. Ungechukua kwenye mfereji wa chini ungepata namba kubwa mno, nayo ingekuwa ya uongo vilevile. Koroga kwa mwiko mrefu uliosafishwa kwa dawa mpaka mkono uchoke, kabla ya hamira, ndipo uchote. Lakini kwa sharubati ya kimea huna haja ya kuhangaika: ukijua kilo ulizotia na lita ulizopata, mwanzo wako ni huohuo 1.045 hata kama haidromita imekataa. Uandike hiyo.

Pili, gesi. Bia changa imejaa viputo, navyo hung'ang'ania kwenye glasi ya haidromita na kuiinua. Ndiyo maana ulianza na 1.016 ikashuka. Chukua vikombe viwili, mimina kutoka kimoja hadi kingine mara nyingi mpaka povu liishe, halafu ndio uweke kwenye silinda. Izungushe haidromita kwa vidole ili viputo vilivyobaki viachie. Isiguse ukuta wala sakafu ya silinda. Inamisha macho yawe sawa na uso wa bia, usome pale chini palipo bapa, si pale bia inapopanda kwenye glasi, isipokuwa kifaa chenyewe kiwe kimeandikwa vingine.

Tatu, joto. Tazama ile karatasi iliyo ndani ya haidromita, imeandikwa nyuzi ngapi? Nyingi ni 20, za zamani 15.6. Kama ni 20 na bia yako ni 29, ongeza 0.002. Wanaopima kimea kikiwa moto nyuzi 60 hukosa karibu 0.015, na glasi inaweza kupasuka. Poza kwanza.

Hicho ulichopima usikirudishe kwenye ndoo. Kionje.

Mama Wimbi (Busia)
Naongezea kwa wanaotumia kimea cha mtama na wimbi kama mimi. Ikiwa nzito kama uji, haidromita haielei, inakwama tu popote ulipoiachia, na utaandika namba isiyo na maana. Chuja kwa kitambaa, acha itulie kwenye friji, pima maji ya juu yaliyo safi. Na kama kipimo chako cha mwisho hukaa juu siku zote, huenda wanga haukugeuka sukari. Tone la iodini kwenye kijiko cha kimea kilichopoa: likigeuka buluu nyeusi, wanga bado upo. Mtama unataka joto kubwa kuliko shayiri ili wanga wake ulainike. Hapo hamira haina kosa.

Miwa Muhoroni
Na haidromita yenyewe umewahi kuihakiki, bosi? Ile karatasi ya ndani huteleza ikigongwa njiani. Nunua maji ya betri pale petroli stesheni, yale matupu yaliyotoneshwa, si asidi. Yaweke nyuzi 20, inapaswa kusoma 1.000. Kisha gramu 50 za sukari kwenye gramu 450 za maji hayohayo, koroga iyeyuke yote: 1.040.

Birika la Milimani (Kisumu)
Asanteni sana, na Mwalimu nakushukuru kwa subira. Karatasi imeandikwa nyuzi 20. Nimepoza maji ya betri: inasoma 1.002. Ya sukari: 1.042. Kwa hiyo imekuwa ikizidisha 0.002 kila mahali. Nimemimina bia kati ya vikombe mpaka ikanyamaza, nikasoma 1.012 tena. Natoa 0.002 ya kifaa, naongeza 0.002 ya joto, inabaki 1.012, sawa kabisa na hesabu ya refraktomita!

Kilevi nimepata (1.045 − 1.012) × 131.25 (namba ya kawaida ya kugeuza tofauti hiyo kuwa kilevi), yaani asilimia 4.3. Kwa ile 1.036 ningeandika asilimia 3 na kidogo. Sasa naweza kujaza chupa leo?

Mwalimu wa Vipimo (Kakamega)
Hapana, ndugu yangu. Kipimo kimoja kinakuambia ilipo, hakikuambii kama imesimama. Pima tena baada ya siku tatu, kwa namna hiyohiyo. Ikiwa bado 1.012, tia sukari ya chupa (ile kidogo ya kuleta gesi) kwa kuipima kwenye mizani, si kwa kijiko. Ikiwa imeshuka hata 0.001, subiri siku nyingine tatu. Na kwa sababu ya hao watoto, chupa zikae ndani ya kreti lenye kifuniko.

Mama Wimbi (Busia)
Andika pia joto pembeni ya kila kipimo kwenye daftari. Kisumu asubuhi na mchana si sawa.